Mwongozo kamili wa wikiendi ya mechi chuoni: Iowa City, kuanzia tiketi hadi safari ya kurudi

Ndugu wanaokuja Iowa City kumtembelea kijana wao chuoni wikiendi ya mechi hukwama mahali pale pale. Hoteli zimejaa. Gari halina pa kuegeshwa. Mkoba umekataliwa getini. Tiketi imo kwenye simu lakini haifunguki. Mwisho wanarudi Des Moines au Chicago wakilalamika kwamba mpira wa Kimarekani ni usumbufu mtupu, na mpira wenyewe wameuona nusu.

Mwongozo huu ni wa Chuo Kikuu cha Iowa na uwanja wake wa Kinnick, unaoingiza watu zaidi ya 69,000. Wakongomani wengi wamefanya makazi Iowa City, Coralville na North Liberty, kwa hiyo Kiswahili unakisikia dukani na kanisani, na kila msimu wa mpira haukosi shangazi au mjomba anayefika kwa mara ya kwanza. Ukialikwa kwenye chuo kingine cha Big Ten, ligi anayochezea Iowa, majina ya barabara yatabadilika lakini utaratibu ni huu huu.

Shika jambo moja kabla ya yote: saa ya mechi ndiyo inayopanga kila kitu, na unaponunua tiketi mara nyingi saa hiyo haijatangazwa. Anayepanga mambo yake kabla ya kuijua ndiye anayeumia.

## Vitu vya kuandaa

- Tiketi ya kila mtu, kwenye simu. Tiketi za karatasi zimepitwa na wakati.
- Pawabenki na waya wake. Simu ikizima, tiketi imezima.
- Mfuko wa plastiki angavu, ule unaoonyesha kila kilichomo. Kipimo ni sentimita 30 kwa 15 kwa 30. Mfuko angavu wa friza wa galoni moja, unaouzwa duka lolote la vyakula, unafaa pia.
- Kitambulisho chenye picha. Mgeni kutoka nje ya Marekani atembee na pasipoti yake.
- Kadi ya benki. Vibanda vingi vya viwanjani siku hizi havipokei fedha taslimu.
- Nguo nyeusi au ya rangi ya dhahabu.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache garini, maana huzuia walioketi nyuma yako.
- Nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, na viatu ulivyokwisha kuvizoea.
- Nafasi ya maegesho iliyolipiwa, au mpango wa kutembea kwa miguu.
- Chakula cha kupeleka kwa wenyeji. Nitakueleza hapo chini kwa nini hiki si cha hiari.

## Hatua ya 1: Chagua mechi kwanza, tarehe baadaye

Timu hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida, kuanzia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba hadi mwishoni mwa Novemba. Kama saba hivi huchezwa nyumbani, karibu zote Jumamosi. Ratiba ya tarehe hutoka mapema sana, miezi mingi kabla.

Mechi hazilingani. Za Septemba dhidi ya timu ndogo ni za upole: tiketi si ghali, jua lipo, watu wametulia. Mechi za watani ni kitu kingine. Dhidi ya Iowa State, jirani wa jimbo hilo hilo, wanagombea kombe la Cy-Hawk. Dhidi ya Minnesota wanagombea nguruwe wa shaba aitwaye Floyd of Rosedale, na usicheke mbele ya mwenyeji, maana nguruwe huyo wanamlilia kweli. Nebraska kwa miaka mingi imekuwa ikichezwa Ijumaa baada ya sikukuu ya Thanksgiving, wakati barabara zimejaa wasafiri na baridi imekwisha kuingia.

Kuna wikiendi mbili nyingine za kuangalia kwenye kalenda ya chuo. Moja ni ya wahitimu kurudi nyumbani, ambayo huwa na gwaride la Ijumaa jioni. Ya pili ni ile chuo inayoitenga kwa ajili ya familia za wanafunzi. Zote ni nzuri, na zote humaliza vyumba vya hoteli mapema.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, ushauri wangu ni mechi ya Septemba dhidi ya timu ndogo. Utajifunza njia, geti na mchezo bila kusukumwa. Mechi ya watani ngoja mwaka ujao.

## Hatua ya 2: Ijue saa ya mechi, kisha ihakikishe

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Saa za mechi huchaguliwa na vituo vya televisheni. Baadhi, hasa za mwanzo wa msimu, hutangazwa kabla ya kiangazi kwisha. Nyingine zote hutangazwa siku 12 kabla ya mechi, na mara nyingine siku sita tu. Ni biashara: televisheni inasubiri ione ni timu zipi zinafanya vizuri ndipo igawe saa nzuri.

Kwa kawaida utaangukia mojawapo ya hizi tatu: saa 5 asubuhi, saa 8:30 mchana au hapo karibu, na jioni kati ya saa 12 na saa 1:30.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni tofauti ya saa kati ya majimbo. Televisheni ya taifa hutangaza kwa saa za New York, zilizo mbele ya Iowa kwa saa moja. Ukisoma kwamba mechi ni saa 6 mchana kwa saa za Mashariki, Iowa City inaanza saa 5. Mtu aliyefuata tangazo la televisheni hufika robo ya kwanza imekwisha, na hivyo amekosa lile jambo zuri kuliko yote, nitakalolieleza kwenye hatua ya 9.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, mmoja anahesabu saa za Kiswahili, mwingine Kifaransa, kijana aliyekulia hapa anahesabu Kiingereza. "Tukutane saa kumi na moja" ni ugomvi unaosubiri kutokea. Andika hivi: "Mechi 11:00 asubuhi, saa za Iowa, yaani saa tano." Hakuna atakayeuliza mara mbili.

Saa ikishajulikana, siku inajipanga yenyewe:

Mechi ya saa 5 asubuhi. Gari liwe limeegeshwa saa 2. Hakuna kuzunguka kampasi asubuhi hiyo. Fanya hivyo Ijumaa. Chakula kikuu kitakuwa baada ya mechi.

Mechi ya saa 8:30 mchana. Hii ndiyo tamu kuliko zote kwa mgeni. Asubuhi unakunywa chai, unapita mjini, unakwenda kwa wenyeji saa 5, na jua linazama mchezo ukielekea mwisho.

Mechi ya jioni. Itakwisha kama saa 4 usiku au baadaye. Usipange kuendesha gari kurudi Chicago usiku huo. Oktoba na Novemba, ukikaa saa tatu kwenye benchi la chuma usiku, baridi inapanda kutoka chini.

Hatua hii imekamilika wakati kila mtu wa msafara wako anaweza kutaja saa ya mechi na saa ya kutoka nyumbani bila kufungua simu.

## Hatua ya 3: Malazi

Buku chumba siku ile ratiba ya tarehe inapotoka, hata kama hujanunua tiketi. Chukua chumba kinachoruhusu kufuta bila kulipa. Soma tarehe ya mwisho ya kufuta na uiweke kwenye kalenda ya simu. Wikiendi ya mechi hoteli nyingi hudai ulipie usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na bei hupanda isivyofanana kabisa na ya wiki ya kawaida.

Hoteli nyingi ziko Coralville, kando ya barabara kuu ya 80. Zikijaa, tazama kaskazini, Cedar Rapids, umbali wa kama nusu saa. Ukishindwa kabisa, Davenport iko mashariki kwa mwendo wa kama saa moja, lakini hapo mechi ya asubuhi itakuamsha alfajiri.

Kulala kwa ndugu ni bora kuliko hoteli, ila mwulize mapema na umwambie ukweli mnakuja wangapi. Vyumba vya wanafunzi ni vidogo, na bweni lina masharti ya wageni. Mzazi usipange kulala kwa mtoto bwenini.

## Hatua ya 4: Tiketi

Nunua kwenye ofisi ya tiketi ya chuo au kwenye soko la kuuziana linalotambuliwa. Usinunue kwa mtu aliyesimama barabarani, wala usitume pesa kwa mtu usiyemjua anayekutumia picha ya tiketi. Picha ya skrini inaweza kukataliwa getini, maana alama ya tiketi za simu hubadilika-badilika.

Onyo kubwa: tiketi ya mwanafunzi si ya mjomba. Bei yake ni ya chini kwa sababu ni ya mwenye kitambulisho cha chuo. Kijana akisema "nitakupa ya mwenzangu hayupo", mwambie akaulize kwanza ofisi ya tiketi namna ya kuibadilisha iwe ya mgeni. Kufika na tiketi isiyokuhusu ni kujidhalilisha mbele ya foleni nzima.

Ukichagua viti, kumbuka jua. Walioketi upande wa mashariki wanatazama magharibi. Mechi ya mchana wa Septemba itawachoma usoni. Upande wa magharibi jua liko mgongoni. Na msitawanyike: kiti ni namba tu iliyoandikwa kwenye benchi refu, hivyo nunueni namba zinazofuatana. Kama mna mtoto mdogo, ulizeni siku hiyo hiyo ya kununua ni umri gani unaohitaji tiketi.

Siku mbili kabla ya mechi, fungua kila tiketi na uihifadhi kwenye pochi ya simu, yaani ile programu ya Wallet. Usingoje kufika uwanjani. Makumi ya maelfu ya watu wakikusanyika mahali pamoja, intaneti inakuwa nzito kama uji wa ulezi, na wewe umesimama getini unatazama duara linazunguka. Tiketi ikifunguka huku umezima data, umefaulu.

## Hatua ya 5: Ijumaa ni ya kampasi

Watu huacha kuizungukia kampasi hadi Jumamosi, kisha wanakuta barabara zimefungwa na ofisi zimefungwa. Kama kijana wenu anafikiria kuomba nafasi hapo, weka miadi na ofisi ya udahili siku ya Ijumaa.

Mto Iowa unaigawa kampasi. Upande wa mashariki ndiko kuna mji na Pentacrest, majengo matano yaliyopangwa na lile la katikati, Old Capitol, lenye kuba la dhahabu. Piga picha ya familia hapo Ijumaa jioni. Jumamosi utapiga migongo ya watu. Ukishuka kidogo unafika mtaa wa watembea kwa miguu wenye mikahawa, na duka la vitabu la Prairie Lights. Iowa City ni Jiji la Fasihi la UNESCO tangu 2008, na ukitazama chini utaona maneno ya waandishi yamechorwa kwenye njia ya miguu. Uwanja na hospitali ya chuo viko ng'ambo ya pili, magharibi.

Mabasi ya chuo yaitwayo Cambus hayana nauli, hata kwa asiye mwanafunzi. Yapande Ijumaa. Jumamosi ya mechi njia zake hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lake kabla ya kuyategemea.

Jioni hiyo fanya jambo moja la maana kuliko picha: tembea kwa miguu kutoka mahali utakapoegesha hadi geti lako. Pima dakika. Kesho hutauliza mtu.

## Hatua ya 6: Gari na maegesho

Kutoka Chicago ni kama kilomita 350, saa tatu na nusu hadi nne. Kutoka Des Moines ni chini ya saa mbili. Wote mnakuja kwa barabara kuu ya 80, na wote mnataka kutokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana foleni.

Njia ya kutokea namba 244, Dubuque Street, inakushusha hadi mjini, mashariki mwa mto. Namba 242 inaingia Coralville. Namba 239 inakupeleka barabara ya 218 kwenda kusini, ambako unatokea Melrose Avenue, magharibi mwa uwanja. Chagua kulingana na mahali utakapoegesha, si kulingana na ramani ya simu inavyokushauri dakika ya mwisho.

Una njia tatu.

Ya kwanza, nafasi iliyolipiwa mapema kwenye maegesho ya chuo. Ghali, lakini karibu.

Ya pili, nyasi za watu. Kwenye Melrose na mitaa ya jirani, wenye nyumba hugeuza ua kuwa maegesho. Utaona kijana amekaa kwenye kiti cha kukunja, boksi limekatwa na kuandikwa bei kwa kalamu nene, anakupungia mkono uingie hadi karibu na kibaraza cha bibi yake. Bei hupanda kadiri unavyokaribia uwanja. Kabla ya kulipa uliza swali moja: "Nitaweza kutoka mapema?" Wengi hupanga magari yakibanana, na ukizibwa utasubiri mwenye gari la nyuma amalize bia zake zote.

Ya tatu, ninayoipenda mimi: egesha kwenye jengo la maegesho la jiji, mashariki mwa mto, kisha vuka daraja kwa miguu. Ni kama dakika 25 hadi 30 za mwendo wa kawaida, unatembea na umati uliovaa nyeusi na dhahabu, na baada ya mechi gari lako liko nje ya msongamano. Mwenye magoti mabovu asijaribu. Kuna kilima upande wa uwanja.

Maegesho ya hospitali yaacheni kwa wagonjwa. Hospitali iko jirani kabisa na uwanja, na siku ya mechi kuna watu walioleta watoto wagonjwa, hawajui hata timu gani inacheza.

## Hatua ya 7: Karamu ya maegeshoni

Saa kadhaa kabla ya mechi, watu hufungua mahema, hutoa majiko ya mkaa na gesi nyuma ya magari, huchoma nyama na kurusha vifuko vya mahindi kwenye ubao wenye tundu. Wamarekani wengine huja kwa ajili ya hili tu, na mechi wanaitazama kwenye televisheni waliyoifunga kwenye gari. Ukilikosa, umekosa nusu ya wikiendi.

Lakini karamu ya mtu ni ya mtu. Usijipenyeze. Mwombe kijana wenu, au mfanyakazi mwenzako, akuunganishe na kundi lake siku kadhaa kabla, na uliza "Nilete nini?" Ukijibiwa "Usilete chochote", leta tu. Sinia la sambusa za moto zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini litakupatia marafiki kuliko maelezo yoyote kuhusu unatoka wapi. Mishikaki nayo haikosei. Pilipili iwe kando, na uwaonye.

Kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe: Iowa ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na inaonekana mezani. Soseji nene zinazochomwa ni za nguruwe mara nyingi, na maharage huchanganywa na vipande vya nyama hiyo bila tangazo. Uliza kila sufuria. Paja kubwa la bata mzinga linalouzwa Melrose si nguruwe, ila usidhani limechinjwa kwa utaratibu wa halali. Salama zaidi ni kuleta kuku wako na wavu wako mwenyewe wa kuchomea.

Pombe ni kuanzia miaka 21, na kitambulisho huulizwa. Mzazi usimpe mwanao wa miaka 19 kopo "la kuonja tu". Nyumbani ni mzaha. Hapa polisi wanapita, na matatizo hayo yanafika chuoni, na kwa mwanafunzi wa kigeni yanaweza kugusa visa yake.

Mkaa uzimwe kwa maji na kumwagwa panapotengwa kwa mkaa. Usiusukume chini ya gari, lako wala la jirani.

## Hatua ya 8: Geti

Uwe kwenye foleni saa nzima kabla ya mchezo kuanza. Dakika ishirini za mwisho watu wote huacha nyama kwa wakati mmoja.

Simama pembeni kwenye geti la mechi yoyote uone. Mama kavaa kitenge kizuri, mkoba wake wa ngozi begani, kadi zote na dawa zake zimo humo. Mlinzi anaonyesha bango kwa kidole. Mama anafungua mkoba aonyeshe kwamba hamna kitu kibaya. Mlinzi anatikisa kichwa kwa upole na kuonyesha bango tena. Haangalii kilichomo, anaangalia mkoba wenyewe, na mkoba hauonyeshi ndani. Gari liko mbali, na robo ya kwanza inamngoja nani?

Kwa hiyo hamishia kila kitu kwenye mfuko angavu kabla ya kutoka nyumbani. Unaruhusiwa pia kipochi kidogo cha mkononi kisichoonyesha ndani, chenye ukubwa wa kama sentimita 11 kwa 16, kwa ajili ya vitu vya faragha. Mwenye dawa za lazima, vifaa vya tiba au mtoto mchanga asome kanuni za uwanja wiki hiyo hiyo ya mechi, kwani hao wana utaratibu wao.

Chakula cha nje hakiingii. Na ukishatoka usitarajie kurudi, kwa hiyo koti lisibaki garini eti "nitalifuata baridi ikizidi".

Rangi ya nguo si mzaha. Nyekundu ni ya Nebraska na Wisconsin, nyekundu iliyokolea na dhahabu ni ya Iowa State. Hakuna atakayekupiga, lakini kaptula yako nyekundu itakuwa mada ya safu nzima.

## Hatua ya 9: Ndani ya uwanja

Ingia kitini kabla wachezaji hawajatoka. Timu ya Iowa hutoka taratibu, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, na kelele unaisikia kifuani. Wimbo wa taifa ukianza, simama na uvue kofia.

Kanuni za kutosha kufuatilia ni hizi. Kila upande una watu 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Wakifika wanapata manne mapya. Wakishindwa mpira ni wa wenzao. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6, na mpira mmoja wa kupigwa kwa mguu katikati ya nguzo baada ya hapo ni pointi 1, au wakiingia tena kwa kukimbia au kupasi ni 2. Wakiona hawatafika, wanaweza kupiga kwa mguu kati ya nguzo kutoka walipo, pointi 3. Walinzi wakimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, walinzi hao wanapata 2.

Robo nne za dakika 15 zinachukua kama saa tatu na nusu, kwa sababu saa husimamishwa kila mara na matangazo ya televisheni yanaingia. Anayefika akitegemea dakika 90 za soka atachoka robo ya pili.

Iowa chini ya kocha Kirk Ferentz, aliyepo tangu 1999, imejulikana kwa ulinzi, na mabao huwa machache. Usishangae uwanja mzima ukishangilia mpira uliopigwa mbali ili kumrudisha adui nyuma. Tory Taylor, kijana kutoka Australia, alipendwa hapa kama mshambuliaji kwa kazi hiyo hiyo, na mwaka 2023 akashinda tuzo ya Ray Guy ya mpigaji bora wa aina hiyo nchini.

Piga kelele wakati wapinzani wana mpira, hasa jaribio la tatu, ili wasisikizane. Wenyeji wakiwa na mpira, nyamaza. Wageni wengi hufanya kinyume na hutazamwa vibaya.

Sasa lile jambo. Robo ya kwanza ikiisha, usiende kununua maji. Jengo refu linalochungulia uwanja ni hospitali ya watoto ya chuo, na ghorofa ya juu watoto wanaotibiwa hukaa dirishani na familia zao kutazama mechi. Tangu 2017, uwanja wote husimama, mashabiki wa pande zote mbili, wachezaji na waamuzi, wakageuka na kuwapungia mkono. Kinachotakiwa kwako ni kusimama, kugeuka na kupunga. Simu iache mfukoni kwa muda huo.

## Hatua ya 10: Kutoka

Kabla ya kuingia, chagueni mahali pa kukutana panapojulikana na kila mtu, kwa mfano sanamu ya Nile Kinnick nje ya uwanja, na saa ya kukutana. Usitegemee simu, ujumbe unaweza kufika baada ya nusu saa.

Mechi ikiisha, usikimbilie gari. Magari hayaendi popote kwa muda mrefu, polisi wamegeuza barabara kadhaa kuwa za upande mmoja, na watembea kwa miguu wamejaa. Kaa kitini, au rudi kwa wenyeji wako umalizie nyama. Uber usiiite getini: bei inakuwa imepanda na dereva hawezi kukufikia. Vuka mto kwanza kwa miguu, kisha iite ukiwa mjini.

Aliyekunywa asiendeshe, hata hatua mbili.

## Hatua ya 11: Jumapili

Wenye kwenda kanisani waulize wenyeji. Ibada za Wakongomani hapa ni ndefu na chakula hufuata, kwa hiyo usibuku ndege ya mchana.

Wikiendi ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja usiku wa kuamkia Jumapili. Simu itajirekebisha, saa ya ukutani na ya gari huenda zisijirekebishe.

Uwanja wa ndege wa Cedar Rapids uko kama kilomita 32 kutoka Iowa City na ni mdogo. Jumapili baada ya mechi hujaa abiria, basi fika saa mbili kabla. Wanaorukia Chicago kwenda nje ya nchi wapige hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege ya saa 12 jioni inataka uwe kaunta saa 9 alasiri, barabara inaweza kula saa nne, na gari la kukodi lina foleni yake ya kurudishwa. Toka Iowa City saa 4 asubuhi. Iowa na Chicago zinafuata saa zile zile, hapo angalau hakuna hesabu ya kukosea.